Salamu Kabla ya Kuinua Mlango

Tulimzika Fundi Zakaria kwao Nyololo, Mufindi, siku ya manyunyu. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mpole, mchapakazi na mcha Mungu, na yote hayo ni kweli, lakini mimi niliyekaa na wanawake wenzangu chini ya turubai nilikuwa nangoja aseme kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Hakusema. Labda hakumjua kwa upande huo. Kwenye safu ya wanaume alikaa Mgaya, siku hizi kichwa chake cheupe kama pamba, na tulipokutanisha macho alianza kucheka pale pale msibani. Akajiziba mdomo kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika, na waliokuwa karibu wakampigapiga mgongo wakidhani analia. Nilijua anacheka nini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule tuliozunguka sisi watatu kusimika milango ya chuma, na nimeona niuandike, ingawa naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na maishani mwangu nimeshika kamba na mwiko kuliko kalamu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeolewa karibuni, naishi Mbeya kwenye chumba kimoja cha kupanga, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Mume wangu, Ambakisye, alikuwa utingo wa malori ya Zambia, na akiondoka alikaa huko mpaka unasahau anavyokohoa. Nilikuwa na aibu ambayo leo hata wajukuu wangu hawaiamini. Nikienda dukani nilisimama pembeni nikingoja wateja wote waishe ndipo niseme ninachotaka, na siku nyingine hawakuisha, nikarudi na kikapu kitupu. Kibarua nilikipata kwa sababu karakana ya Fundi Zakaria ilikuwa nyuma ya nyumba yetu na mtu wao wa kuchota maji na kuchanganya saruji alikuwa ameacha kazi. Fundi alikuja akasimama mlangoni kwangu akauliza kama nina nguvu. Nikavuta kanga usoni. Akauliza tena kama nina nguvu lakini sina mdomo, au vyote sina. Nikacheka ndani ya kanga. “Basi njoo kesho, binti,” akasema. “Mdomo tunao wa kutosha. Mgaya peke yake anao wa watu wanne.”

Kazi ilikuwa nyingi kwa sababu sukari na sabuni zilikuwa adimu, na kitu kikiwa adimu hupata wezi. Maduka ya vijiji na stoo za mazao zilikuwa na milango ya mbao, na mwizi mwenye mtaimbo hakuhitaji hata kutoka jasho. Kwa hiyo wenyeviti wa vijiji walikuja karakana kuagiza milango ya chuma. Kila mlango fundi aliukata na kuuchomelea Mbeya, kisha tukaupakia kwenye lori lolote linaloelekea huko, sisi tukikaa juu yake tumejifunika magunia kwa baridi. Kuutengeneza mlango hakukuwa na hatari kubwa, ila cheche za moto, na fundi hakuturuhusu kukaribia bila kugeuza uso. Hatari ilikuwa kuupachika. Kwanza tulisimika fremu, miguu yake ikiingia ukutani na kuzibwa kwa saruji. Fundi aligusa kila ukuta kabla ya kuutoboa, akauliza nani aliujenga, matofali yalichomwa kwa kuni gani, mvua ilinyesha upande upi. Kule Mufindi ukungu ukikaa siku nzima saruji hukauka kwa uvivu, na mwenyekiti akisema mbona hamwendelei, fundi alimshika mkono akamwambia aguse mwenyewe. Fremu ikishakuwa imara ndipo tuliuinua mlango wenyewe.

Nieleze jinsi tulivyouinua, maana yote niliyotaka kuandika yamo humo. Mlango ulikuwa mzito, wanaume wawili hawakuweza kuubeba na wakati huo huo kuulengesha kwenye bawaba. Fundi alifunga roda, gurudumu la kupitishia kamba, kwenye boriti juu ya mlango, kamba ikapita juu ya roda, na upande wa pili ikazungushwa kwenye nguzo tuliyoichimbia ardhini. Ile mizunguko ya kamba kwenye nguzo ndiyo iliyobeba uzito. Mtu aliyeshika mwisho wa kamba hakuhitaji nguvu nyingi, ila alitakiwa asiiachie. Akiivuta taratibu mlango unapanda, akiilegeza kidogo unashuka juu ya pini za bawaba kama kuku anavyokalia mayai. Fundi alikuwa juu ya ngazi akiongoza bawaba ya juu, na mtu mwingine alichuchumaa chini akiongoza ya chini, mikono na magoti yake yakiwa chini ya chuma. Kamba ikiachiwa, chuma hakingojei mtu aombe radhi.

Mwanzoni kamba ilishikwa na Mgaya. Tulikuwa Nyololo, kijijini kwa fundi mwenyewe, tunaweka mlango wa duka. Fundi siku hiyo alikuwa chini na kijana mmoja wa pale alikuwa juu ya ngazi. Mlango umeshapanda, unaning'inia, akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama, akatua mzigo, akakunja magoti kidogo, akasema, “Kamwene.” Alikuwa amewaona watoto wa watu wanafanya kazi, na angepitaje bila kuwasalimu? Mgaya alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri katika nchi ile hamwitikii bibi kwa shingo kama mbuzi. Humgeukia, huinama, hukutanisha mikono yote miwili. Mgaya akamgeukia, akainama, akakutanisha mikono yote miwili. “Kamwene, bibi.”

Mlango ulianguka wima, kisha ukalala. Kijana wa juu alirukia pembeni kama nyani. Fundi Zakaria aliwahi kutoa mikono na magoti, ila mguu wa kushoto ulichelewa, na chuma kikampiga kwenye kidole gumba juu ya kiatu. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye mchanga akivua kiatu polepole, na bibi akaja akachuchumaa mbele yake, akamsalimia na yeye, kwa sababu alikuwa bado hajamsalimia. Na fundi, uso umekuwa wa majivu, akaitikia salamu mpaka mwisho, akaulizwa habari za nyumbani akajibu nzuri, habari za kazi akajibu nzuri.

Mchana ule tulikaa jikoni kwa mama yake fundi, mvua ikipiga bati. Nakumbuka lile jiko kuliko nyumba nyingi nilizokaa. Kuta zilikuwa nyeusi zinang'aa kwa moshi, mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya moto, na tulikula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Fundi alikuwa ameuweka mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa. Mgaya hakula. Alikuwa anamega tonge, analifinyanga, analirudisha. Nilidhani atafukuzwa. Nadhani hata yeye alidhani hivyo.

“Mgaya,” fundi akasema, “kitu gani kingine kinaweza kukufanya uachie kamba?”

“Fundi, sitaachia tena. Naapa.”

“Sijakuomba uape. Nimekuuliza kitu gani.”

Mgaya akafikiri. “Nyuki,” akasema.

“Nyuki, sawa. Na nini?”

“Mama akiniita kwa jina.”

“Mama yako yuko Njombe.”

“Lakini akiniita!”

Mama yake fundi akacheka mpaka akafuta macho. Fundi hakucheka, alikuwa anataka kujua kweli. Akaendelea, vipi msafara wa msiba ukipita, vipi mtu akikutania, vipi mchungaji, na Mgaya alijibu moja moja, na jinsi alivyojibu ndivyo alivyoanza kula. Kisha fundi akanigeukia mimi. “Na wewe, Tusekile? Wewe nakuona hata mbwa wakipigana miguuni pako hugeuki. Kitu gani kinaweza kukufanya wewe uachie?”

Nilichokoa moto kwa kijiti. Mgaya alisema mwache tu, fundi, huyu hana kitu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, “Mkwe wangu.”

“Mama mkwe?”

“Baba.”

Kwa asiyejua nieleze kidogo. Kwetu Unyakyusa, siku zile, mke wa mtu hakumtazama baba mkwe wake wala kutazamwa naye, wala hawakusemeshana. Ukisikia anakuja unatoka njiani, unaingia kwenye migomba, unajifunika. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima nzito kuliko heshima nyingine zote, na uliianza siku ulipoposwa, ikakuingia mwilini kama kupepesa jicho vumbi linapokuja. Uso wa mkwe wangu sikuwahi kuuona. Baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake na kwa makatambuga yake ya matairi ya gari, ambayo niliyaona chini ya uzio mara moja.

Mgaya akaanza, “Sasa shemeji, mzee wa watu anakuja kukusalimia na ndizi zake, wewe unaruka kwenye matope?” Fundi akamnyamazisha kwa mkono. Akaniuliza taratibu, kama anavyouliza juu ya ukuta. “Akija na wewe umeshika kamba?”

“Sijui,” nikasema.

“Mwili wako utafanya nini?”

“Utakimbia.”

“Hata kama mimi niko chini?”

Hapo ndipo nilipopata swali langu la mwaka mzima. Kama angeniambia usikimbie, ningesema ndiyo fundi, na yangeisha. Hakuniambia. Alisema, “Anakaa wapi?” Nikasema Tukuyu. Akasema Tukuyu ni mbali, na tangu siku hiyo kamba akanipa mimi, Mgaya akaenda chini ya chuma. Fundi mwenyewe, na kidole chake, akapanda ngazi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alinipa, baada ya kusikia. Nadhani alimwogopa zaidi mtu asiyejua kitakachomfanya aachie.

Kidole kile hakikunyooka tena, lakini kilitufundisha kazi mpya. Kabla ya kuinua mlango, tulisalimiana kwanza. Tulipofika Igowole kuweka mlango wa stoo, Mgaya alitumwa kupita nyumba za karibu na barabara akitangaza, “Wazee wetu, shikamooni, njooni mtusalimu sasa hivi, maana mkichelewa mtatukuta hatuna mikono!” Wakaja. Walikuja wazee na fimbo zao, wakaja kina mama kutoka mashambani majembe begani, wakaja watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote hapo. Tulipanga mstari, tukainama, tukakutanisha mikono, tukaulizwa habari za Mbeya, za barabara, za mvua, za watoto. Mimi nisiyeweza kuagiza chumvi dukani niliitikia salamu asubuhi nzima. Mzee mmoja alirudi mara ya pili akidai mara ya kwanza hakumaliza habari za ng'ombe.

Mwenyekiti alikuja amefura. “Fundi, nimewaita mje kuweka mlango au kuoa?”

“Mwenyekiti, kwani wewe umeshatusalimia?”

“Nimeshawasalimia!”

“Basi huna deni. Kaa pale njiani, atakayechelewa pokea salamu zake kwa niaba yetu. Mwambie tutaitikia mlango ukishakaa.”

Na mwenyekiti akakaa. Nilimsikia nyuma yangu, kamba ikiwa mikononi, akijibizana na bibi mmoja: “Wazima, mama. Ndiyo, na yule binti mzima. Hapana, usimsogelee, huyo kwa sasa hayupo.” Tulipewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, fundi akauweka kivulini na kutukataza kuugusa mpaka mlango ukae. Habari zikaenea, vijiji vya mbele vikawa vinatungoja vimejipanga. Leo nikiona mafundi wamevaa kofia ngumu na makoti ya kung'aa, nawasifu moyoni, halafu nawatazama nione kama wameshawasalimia watu.

Lakini swali langu halikuniacha. Kila nilipozungusha kamba kwenye nguzo nilijaribu kumfikiria yule mzee akija, ili nione mwili wangu utafanya nini, na kila mara nilihisi visigino vinainuka. Mgaya alikuwa pale chini, magoti chini ya chuma, akinitania, “Shemeji, leo hakuna mkwe?” na nilijua kwamba anacheka ili asiogope. Alikuwa na haki ya kuogopa. Uzima wake ulikuwa kwenye mikono ya mtu asiyejijua. Fundi naye hakuacha kuniuliza. Tukiwa juu ya lori, tukichagua mchele, ghafla: “Na ukifumba macho, inahesabika umemwona?” Au, “Na yeye akijificha, inakuwaje?” Niliicheka hiyo ya mwisho. Nikamwambia mzee hajifichi kwa mkamwana. Akasema, “Hajifichi, au hajawahi kuombwa?” Sikuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo.

Ikaja kazi ya Mbeya mjini, stoo moja karibu na soko, mlango mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuinua. Ilikuwa asubuhi ya baridi, jua limetoka lakini halina kazi. Tulisalimiana na wenye maduka, na wapagazi, na mama wa maandazi, na kila aliyepita. Mlango ukapanda. Fundi juu ya ngazi akaanza kuita, “Legeza. Legeza kidogo. Simama hapo.” Mgaya alikuwa chini, amelaza shavu karibu na ardhi, akiitafuta pini ya bawaba ya chini. Ndipo niliposikia kikohozi.

Nilikijua kabla sijakijua. Mzee alikuwa ametoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kuja kumtazama mwanawe, na mtoto wa mwenye nyumba alimwambia watu wa chumba kile wako sokoni wanaweka mlango. Akadhani ni Ambakisye anayeweka mlango. Mbele ya macho yangu, upande wa nguzo, yakaja makatambuga, na juu yake pindo la koti, na sauti ikasalimia kwa Kinyakyusa, “Mugonile.”

Mwili wangu ulikimbia. Nasema kweli, nilihisi umeondoka, goti limeinuka, bega limegeuka. Ila mikono haikuja. Nilikuwa nimenyooka kati ya nguzo na njia kama nguo iliyonaswa kwenye mti, macho nimeyafumba, na kamba ikateleza kidogo, na roda ikalia kule juu. Nikasikia Mgaya akivuta pumzi. Na mimi, nisiyeongea, nilipiga kelele ambayo mama wa maandazi alinikumbusha kwa miaka mingi. “Fundi! Mkwe wangu!”

Hakuuliza mkwe gani. Hakuniambia nishike. Alikuwa juu ya ngazi, mikono yake miwili imebana chuma, hawezi kushuka wala kunyoosha kidole, na akamwamrisha mzee asiyemjua, mzee wa watu mwenye koti na mkungu wa ndizi, neno ambalo hakuna kijana aliyewahi kumwambia mzee katika mji ule. “Mzee! Jifiche!”

Kisha nikasikia ndizi zikianguka, makatambuga yakikimbia kwenye kokoto, na kishindo cha mtu anayejitupa nyuma ya pipa letu la maji. Watu wa soko walishangaa, mmoja akaanza kucheka, akanyamazishwa. Sauti ikatoka nyuma ya pipa, ikihema. Haikusema na mimi, maana haiwezi kusema na mimi. Ilisema na pipa.

“Wewe pipa,” ikasema, “mwambie huyo mwenye kamba aishike. Mimi sipo.”

Visigino vyangu vikashuka. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Nilifumbua macho, na mbele yangu palikuwa na nguzo na kamba, na hapakuwa na mtu wa kumkimbia. Nikakaza.

“Legeza,” fundi akasema, sauti yake imebadilika. Nikalegeza. “Tena.” Nikasikia Mgaya akisema imeingia, fundi akasema na ya juu imeingia, na mlango ukashuka ukakaa kwenye bawaba, uzito wote ukaondoka kwenye kamba. “Funga kamba, Tusekile,” fundi akasema. “Sasa kimbia.”

Nikafunga kamba. Nikakimbia kama nilivyofundishwa, na mahali pa karibu pa kujificha palikuwa ndani ya stoo. Nikaingia, nikauvuta ule mlango ambao hata rangi haujapakwa, nikasukuma komeo kwa ndani. Palikuwa giza, pananuka magunia na panya. Nikakaa chini.

Nje nilimsikia mzee akiinuka nyuma ya pipa, akijipangusa magoti. Mgaya alimsalimia kwa mikono yote miwili, nilisikia makofi yake, na mzee akaitikia, akaulizwa habari za Tukuyu akajibu nzuri. Fundi akashuka ngazi akaanza kuomba radhi, mzee akamkatiza akamuuliza mlango ule una uzito wa magunia mangapi, na bawaba inapakwa mafuta gani, na kama kamba ikikatika inakuwaje. Wakazungumza hayo muda mrefu, wawili wale wa maswali. Kisha makatambuga yakaja mpaka mlangoni. Nikarudi nyuma kwenye magunia. Akaweka kiganja kwenye chuma, nikakisikia kikipita juu yake, kikapiga mara moja, kikasukuma. Mlango haukutikisika.

“Mlango,” akauambia, “umeshikwa vizuri.”

Akaziweka ndizi chini, karibu kabisa, akaondoka akikohoa kwa makusudi njia nzima, ili nijue yuko umbali gani na lini naweza kutoka.